Siku Kabati Letu Lilipoposwa

Jumapili, mchana. Jua limesimama utosini, upepo hakuna, na umeme umekatika tangu asubuhi kama kawaida ya mgao huu. Naandika kwa simu na chaji yenyewe ya mashaka, kwa hiyo leo sipambi maneno.

Nina wivu.

Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Bora libaki hivyo hivyo, maana nikilificha hapa sijui nitalisema wapi.

Si wivu wa mume. Mume wangu yupo zake barazani, kifua wazi, anajipepea na gazeti la juzi, na kwa hali aliyo nayo leo hakuna wa kuninyang'anya. Ninayemwonea wivu ni mwalimu mwenzangu, Rukia. Zamani mimi na yeye tulikuwa chanda na pete. Tukila sahani moja, tukiazimana vitambaa vya kichwa, na mama yangu mpaka leo hunipigia simu akauliza kwanza Rukia hajambo, mimi baadaye.

Kwa asiyenijua, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya kata iliyo nje kidogo ya mji wa Tanga, upande wa barabara ya Pangani. Klabu yetu ya roboti tuliianzisha sisi wawili. Hatukuwa na kitu. Mota tulitoa kwenye waipa za magari mabovu, fremu tukaunga kwa vipande vya alumini vilivyobaki kwa mafundi wa madirisha, na magurudumu yakatoka kwenye baiskeli ya mtoto. Tuliungua vidole kwa kulehemu nyaya, tukacheka, tukaanza tena. Roboti ya kwanza ilitembea hatua chache ikajipiga ukutani, na sisi tukakumbatiana kama tumejifungua mtoto.

Kisha shule moja ya binafsi, kule mjini karibu na bahari, ikamwita Rukia. Akaenda. Siku hizi kila kitu ni soko huria, na walimu nasi tunachaguliwa kama nguo za mtumba. Inayopendeza inachukuliwa, iliyobaki inakunjwa na kurudishwa kwenye rundo.

Watu wanadhani nilimnunia kwa sababu alituacha. Nami nimewaacha wadhani hivyo, kwa kuwa inanipa sura nzuri, ya mwalimu mzalendo asiyebabaishwa. Lakini kweli ni kwamba wangeniita mimi, ningekwenda mbio.

Hawakuniita.

Tangu hapo kila kitu chake kinanichoma. Wanafunzi wake wanavaa fulana za rangi moja zenye jina la timu kifuani. Sehemu za roboti zao zinakuja kwenye boksi kutoka nje, kila kijiti na shimo lake, hakuna kupiga msasa wala kulazimisha kwa nyundo. Umeme ukikatika jenereta inanguruma wanaendelea. Sisi ukikatika tunakaa chini ya dirisha tunafundishana nadharia. Hata sauti yake imebadilika. Amekuwa anaongea taratibu, kama mtu aliyelala vizuri.

Jana yalikuwa mashindano ya mkoa.

Nieleze mchezo ulivyo, maana nikiruka hapa yanayofuata hayataeleweka. Uwanja ni wa mbao, umezungushiwa ukingo mfupi. Roboti mbili upande huu, mbili upande ule. Kila upande una kapu lake, na kazi ni kuokota mipira midogo ya plastiki na kuitia kwenye kapu la upande wako. Mechi za mwanzo unapangiwa mwenzio kwa kura. Zikiisha, timu nne zenye pointi nyingi zinasimama mbele ya watu, kila moja inachagua mwenza kati ya waliobaki, na wawili hao wanakuwa kitu kimoja mpaka fainali. Wawili watakaoshinda fainali, wote wanakwenda Dar es Salaam kwenye mashindano ya taifa. Asiyechaguliwa anafunga mizigo anarudi nyumbani.

Wanafunzi wangu walikuwa wanaota hiyo Dar. Wako wanne, wote kidato cha nne, na mwakani hawapo. Kwao ilikuwa jana au basi.

Dereva na nahodha wao ni Hidaya, msichana wa Tongoni, mpole, anayecheza netiboli kama mlinzi wa goli. Roboti yetu tunaiita Kabati. Si kwa mapenzi. Ni pana, ni nzito, inageuka kwa kusitasita, na mkono wake wa kuokotea mipira unadondosha mingi kuliko inayofika kwenye kapu. Roboti ya kina Rukia inaitwa Mshale, na ukiiona inavyokwenda huulizi kwa nini.

Katika mechi za mwanzo tukapangiwa kucheza dhidi yao. Hapo ndipo nilipopata akili, au niseme wivu ulinipa akili. Kama Kabati haliwezi kufunga, basi lizibe. Lipaki basi mbele ya kapu la kina Rukia mpaka muda uishe. Nikamvuta Hidaya pembeni.

"Mshale akija, mbane ukutani asitoke."

"Madam, akibanwa mwamuzi akahesabu mpaka tano, faulo."

"Basi mwachie kwenye nne, umbane tena."

Hidaya alinitazama kidogo, kisha akaangalia chini. "Ntamziba kama netiboli, madam. Bila kumgusa."

Nikamwambia afanye anavyojua, ili mradi mpira usiingie. Wenzangu walimu waliokuwa karibu waliitikia kwa kichwa, wakasema huo ndio mkakati. Wakaniona kocha.

Sikutaka tushinde. Nilitaka Rukia asifunge. Ni vitu viwili tofauti, na mimi jana niliijua tofauti yake vizuri nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, mkoba mapajani.

Na yule mtoto akaziba, jamani. Kwenye netiboli mlinzi haruhusiwi kumgusa mfungaji, anasimama mbali naye kidogo, mikono juu, anamfuata macho na nyonga. Hidaya akaliendesha Kabati hivyo hivyo. Mshale akienda kushoto, Kabati lipo. Akirudi kulia, Kabati lipo. Halimsukumi wala halimkwaruzi, limesimama tu kati yake na kapu. Timu nyingine zilizojaribu kuzuia siku nzima zilikuwa zinagongana na kubanana, bendera nyekundu zinapepea, pointi zinakatwa. Sisi hatukuadhibiwa hata mara moja. Mshale alitoka pale na mipira michache ya aibu, na ile mechi wakapoteza.

Nilimtafuta Rukia kwa macho nione ameumia kiasi gani. Nikamkuta anacheka, amemshika nahodha wake bega, anamwonyesha Kabati kwa kidole.

Nikaumia mimi.

Pamoja na kipigo kile, pointi zao za mechi nyingine ziliwabeba wakawa wa kwanza. Sisi tulikuwa chini huko, hatuna sifa ya kuchagua mtu, tunangoja kuchaguliwa kama wengine. Niliwaambia watoto waanze kukusanya nyaya na betri. Ukumbi ulikuwa umejaa, wazazi wameshakuja, akina mama wa Usagara na Chumbageni wamejaa viti vya nyuma na mabaibui yao na vikapu vya maandazi, wanashangilia hata wasichokielewa.

Nahodha wa kina Rukia, kijana mmoja mrefu, akapewa kipaza sauti. Akasema, "Tunaichagua timu ya Kabati."

Watu wakacheka. Mimi nilidhani ni dhihaka. Kisha nikawaona watoto wangu wamerukiana shingoni, mmoja analia kabisa, nikajua si dhihaka. Walikuwa wanataka mzibaji. Wao kufunga wanaweza, asiyekuwapo kwao ni wa kuwalindia.

Hidaya akaitwa mbele. Mwamuzi akamuuliza, "Mnakubali?"

Sheria inasema ujibu pale pale. Usiposema mnakubali, inahesabiwa mmekataa, na aliyekataa hachaguliwi tena na timu yoyote. Sheria hiyo niliwasomea mwenyewe darasani. Lakini Hidaya amelelewa Tongoni. Jambo kubwa kama lile, mkubwa wake yupo pale anamwona, yeye atangulie kujibu? Hawezi. Akasogea kwenye kipaza sauti akasema kwa adabu zote, "Mie nina mwalimu wangu. Yeye ndiye mwenye jawabu."

Ukumbi mzima ukanigeukia.

Nataka niandike vizuri kilichonipata hapo. Neno lililokuja mdomoni lilikuwa hapana. Lilikuja na sababu zake zimevaa vizuri. Kwamba watatutumia kama ngao, sisi tuzibe wao wafunge, picha wapigwe wao. Kwamba shule ya kata nayo ina heshima yake. Zote zilikuwa sababu za kusema mbele ya watu. Chini yake ilikuwepo moja tu, kwamba sitaki kupelekwa Dar na Rukia. Nilikuwa radhi watoto wanne warudi nyumbani na mimi, kuliko waende Dar na yeye.

Nilikuwa radhi kweli. Sikuwa nimepitiwa.

Ila "hapana" haikutoka, kwa sababu Hidaya alikuwa ananitazama. Na "ndiyo" nayo haikutoka, kwa sababu Rukia alikuwa ananitazama. Mwamuzi akasema, "Mwalimu, tunakusikiliza." Nikakaza mkoba. Akaangalia saa yake, akasema tena, "Mwalimu?" Nikafungua mdomo.

Rukia akasimama. Akamnyang'anya kijana wake kipaza sauti.

"Mwamuzi, unamuuliza mara ngapi mtoto wa watu? Kwetu Pwani mwari akiulizwa akanyamaza, kesharidhia! Andika, kaka, tuna kazi."

Lo! Akina mama wa nyuma walipasua vigelegele, ungedhani kweli kuna harusi. Asiyetoka kwetu aelewe kwamba binti akiposwa huulizwa na wazee wake kama amekubali, na kwa haya zake hawezi kutamka. Akinyamaza, kimya chake ndiyo jibu, shughuli inaendelea. Mwamuzi mwenyewe mtu wa Pangani, anacheka mpaka machozi, akasema, "Hata ndoa yangu mie ilipita hivyo hivyo. Nshaandika."

Basi. Mwanamke mzima, watoto wawili, nyonga zinaniuma nikipanda ngazi, nikaozeshwa mbele ya mkoa mzima. Jirani yangu akanifunika kichwa kwa ncha ya khanga yake, anatania, na mimi nikatabasamu kwa kuwa kila mtu alikuwa anatabasamu. Wote waliamini nilinyamaza kwa haya. Hakuna hata mmoja aliyefikiria kwamba naweza kuwa nimenyamaza kwa roho mbaya. Walinipa heshima niliyokuwa sina.

Tulishinda fainali. Sitaieleza yote, ila kuna kipande kimoja sikisahau. Katikati ya mechi roboti moja ya wapinzani ilikatika mnyororo, ikasimama pale pale mbele ya kapu lao. Dereva wake akawa anahangaika nayo, inasota polepole kwa gurudumu moja, mpira mmoja mkononi. Kabati lilikuwa mbele yake. Nikajikuta nimesimama nampigia Hidaya kelele, "Mzibe! Mzibe huyo!" Hidaya akarudi nyuma. Akampa nafasi, akageuka kwenda kumziba yule mzima. Aliyekatika mnyororo akatia mpira wake mmoja, na ukumbi ukampigia makofi.

Nilikaa. Yule mtoto sikumfundisha mimi hilo. Nikajiuliza kama ni Rukia aliyemfundisha enzi za kidato cha kwanza, na hapo hapo, katikati ya fainali, wivu ukanipanda upya.

Sasa sikia kichekesho. Baada ya vikombe ikaja tuzo ya uungwana uwanjani, ya timu iliyocheza bila kuumiza wenzake. Wakaitaja timu yetu, nikaitwa nikapokee. Mwamuzi akasema kwenye kipaza sauti kwamba uungwana unaanzia kwa mwalimu, na kwamba wameona leo mwalimu aliyekubali kuungana na mpinzani wake bila kinyongo.

Bila kinyongo! Nilitamani sakafu inimeze.

Nikapokea cheti. Nikapigwa picha nimekishika kifuani. Rukia alikuwa mstari wa mbele anapiga makofi, mikono juu ya kichwa, amejaa furaha isiyo na mawaa. Nikamtazama nikawaza, hata kupiga makofi anapiga vizuri kuliko mimi.

Mume wangu anataka tukitundike cheti sebuleni, juu ya televisheni. Nimemwambia msumari hakuna. Ameingia ndani kuutafuta.

Asubuhi ya leo Rukia amepiga simu. Nilitazama jina lake likiwaka mpaka likakaribia kuzima, ndipo nikapokea. Hakuwa na makuu. Anasema hizi roboti mbili sasa lazima zizoeane kabla ya Dar, na kwa mgao huu betri zetu hazitajaa, kwa hiyo niwalete watoto shuleni kwao Jumamosi, jenereta ipo. Halafu anataka Hidaya awafundishe madereva wake kuziba bila kugusa. Akaongea na kuongea. Mimi namwitikia mmh, mmh, mpaka likanitoka.

"Rukia, jana mimi sikuridhia."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Tumu, mie n'nakujua. Nilikuona mdomo ushaanza kufunguka. Ungesema hapana, halafu ungekaa na watoto wale mpaka mtihani wao huwezi kuwatazama usoni. Nikawahi kabla hujasema." Akacheka kidogo. "Ulikuwa na haki ya kunikasirikia, shoga. Ila si kwa kuwakosesha wao. Haya, nsalimie mama, umwambie shikamoo yake."

Akakata.

Kumbe ule utani wa posa, ulioangusha ukumbi kwa kicheko, haukuwa wa kunicheka. Alisimama mbele yangu kunizuia nisijifunge mwenyewe, na hakunigusa, na watu mia wamekaa pale hawakuona kitu.

Ningetegemea simu hiyo inipoze. Imenizidishia. Mpaka jana nilikuwa namwonea wivu wa jenereta, wa fulana, wa boksi lenye vifaa vilivyopangwa. Vitu vya dukani hivyo, ningejaliwa ningevipata. Leo namwonea wivu wa moyo, na huo sijui unauzwa wapi.

Najiuliza, kipaza sauti kingekuwa kimeelekezwa kwake, na mimi niko upande ule namwona anataka kuharibu, ningesimama? Au ningekaa kimya kwa raha zangu nimwache aseme? Jibu ninalo. Nimelirudia tangu asubuhi nikitafuta lenye nafuu, sijalipata.

Hidaya ameshatuma ujumbe kuuliza kama ni kweli Jumamosi tunakwenda, waandae Kabati. Nimempigia kabisa, si ujumbe, nikamwambia kwa mdomo wangu kwamba ndiyo, tunakwenda.

Nitakwenda na wivu wangu. Sina pa kuuacha.